Posho ya Mtachoka

Bi Rosalia aliipita foleni ya bucha yote, kuanzia mkiani hadi mlangoni, kopo lake kwapani na mbwa wake nyuma.

"Naomba ya Mtachoka," alimwambia Mwishehe, muuza nyama.

Mwishehe akamjazia kopo: mapafu, vipande vya koo, mifupa iliyobaki na kinyama chake. Foleni ikaguna. Watu walikuwa wameacha mawe yao pale tangu alfajiri kushika nafasi, na wengi wangerudi na vikapu vitupu, halafu mbwa ndiye apite mbele! Lakini Mtachoka ndiye aliyelinda bucha usiku, tangu wezi walipovunja mlango, na kopo la Jumamosi lilikuwa posho yake. Mwishehe mwenyewe ndiye aliyeomba mapatano hayo.

"Mtachoka! Twende, baba!" Bi Rosalia aliita kwa sauti ya kusikika hadi uwanja wa ndege.

Jina hilo alimpa kwa ajili ya majirani. Pale Kiwalani, ukiwa na neno na jirani humfuati mlangoni. Unafuga mbwa, unampa jina, unamwita asubuhi na jioni. Mwenye kuumia aumie.

Na maisha yalikuwa magumu, nani asiyejua? Unga wenyewe ulikuwa ule wa njano, yanga, nao ulikuja dukani kwa kudonoa. Nyumba ya mtu mmoja ilipewa kidogo hata panya angenuna. Marehemu mumewe, mchonga vinyago wa Masasi, alimwachia patasi na mbwa. Patasi aliziuza. Mbwa, majirani walipomwambia amfukuze, aliwauliza kama wao wamewafukuza waume zao. Basi akawa anachuma matembele ya uani, anaokota vichwa vya dagaa sokoni, anaomba machicha ya nazi kwa wapika vitumbua. Ukoko wa ugali alikuwa na njia yake ya kuupata. Akiupata aliulowesha, akaugawa kwa haki: nusu yake, nusu ya Mtachoka.

Mchana huo akaingiliwa uani na watu. Mbele yao alikuwa Ndugu Gaspar, mjumbe wa nyumba kumi, karani wa kutoka bara, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ila ukuta wenyewe ni ua wa makuti.

"Bi Rosalia, sisi tumekuja..."

"Shikamoo yangu iko wapi kwanza?"

Watu wakacheka chinichini. Gaspar akaamkia shingo upande.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sema."

"Watoto wa nyumba hizi wanalala na chumvi, mbwa wako anakula nyama. Huu ni ubepari!"

"Ubepari!" Bi Rosalia akapiga makofi. "Asiyefanya kazi na asile, si ndiyo mnayotuhubiria? Mbwa wangu anakesha. Wewe mjumbe jana usiku ulilinda nini?"

Kicheko kikalipuka. Mtachoka, ambaye humbwekea kila mgeni, akamwendea Gaspar moja kwa moja, akamnusa vidole, akatikisa mkia.

"Toka!" Gaspar akarusha teke, likakosa.

"Mbona mbwa mwenyewe mbavu nje?" mtu akauliza.

"Minyoo hiyo," Gaspar akamkatiza. "Ndugu zangu, mke wangu hupanga foleni kama mwananchi yeyote. Nyumbani kwangu kila Jumamosi mchuzi haukosekani, na hatujampita mtu mbele! Kila mama angekuwa hodari hivyo, nani angelia?"

"Hongera yake," alisema Bi Rosalia.

Mkewe, Mama Elinaza, alikuwa amesimama nyuma kabisa. Akajipenyeza, akamvuta mumewe shati.

"Baba Elinaza, yaache haya. Turudi nyumbani."

"Nyamaza, hii ni kazi ya chama!"

Bi Rosalia akapiga hesabu. Kopo likikatwa, hana kitu, yeye wala Mtachoka, na matembele matupu hayamfikishi mtu mwisho wa mwezi. Neno moja tu lingemwokoa, nalo alikuwa nalo mdomoni. Akamtazama Mama Elinaza, akaona jinsi lilivyomtoa jasho yule mwanamke. Akalimeza. Na kumpigia magoti Gaspar? Thubutu!

"Kuanzia leo nyama hiyo ni ya foleni," Gaspar alitangaza. "Nitamwambia Mwishehe mwenyewe. Na hili la leo tunaligawa hapahapa."

Akalitwaa kopo. Watu wakakinga majani ya migomba, sufuria, hata viganja. Mfupa huyu, pafu yule, mpaka kopo likabaki na damu ya kulambwa na nzi. Mama Elinaza alifumba macho.

"Gawa, mwanangu, gawa," Bi Rosalia alisema, kichwa juu. "Mie na mbwa wangu hatujafa kwa Mjerumani wala kwa Mwingereza, tutakufa kwa karani? Ila kesho usije ukasema Rosalia mchawi."

Wakaondoka wakimpigia mjumbe makofi.

Jioni bakuli la ukoko likapenyezwa kwenye tundu la ua wa makuti, kama kawaida. Bi Rosalia akalipokea. Safari hii hakuwa na cha kupenyeza badala yake. Akakaa chini, akaanza kuulowesha ukoko, Mtachoka akimtazama.

Upande wa pili sahani ikagongwa mezani.

"Mama Elinaza! Ugali mkavu? Mchuzi wa leo uko wapi?"

"Umeugawa mwenyewe mchana, mbele za watu," mkewe akajibu. "Ukiutaka tena, fuga mbwa."