Kosa la Jedwali la Pili

Kosa lilikuwa kwenye jedwali la pili. Asilimia za mstari wa mwisho, ukizijumlisha, zilifika mia na moja. Kalamu Nyekundu alizijumlisha tena, polepole, kwa raha ya mtu anayekuna kipele, kisha akazizungushia duara.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa udaktari, naye alilipenda. Makala yenye jedwali hilo ilikuwa ya mtalaka wake: utafiti wa homa za watoto wachanga, umetoka wiki hiyo katika jarida ambalo kila mtafiti wa taasisi yao alitamani kuliandikia. Na alasiri ya siku hiyo hiyo kamati ingetangaza nani kati yao wawili atakuwa mkurugenzi.

"Hajui hata kujumlisha," alimwambia mhazili wake. "Tuandike barua kwa mhariri."

Mhazili akaweka vidole tayari. Alishazoea. Tangu ndoa ile ivunjike, hakuna makala ya mwanamke yule iliyopita salama. Kila moja ilifuatwa na barua ya Kalamu Nyekundu, imejaa sumu, na kila barua ilichapishwa, kwa kuwa kosa lilikuwepo kweli.

"Kwenye marejeo niweke hii makala tu, Daktari?"

"Weka zote. Tangu ya kwanza. Watu waone kwamba ugonjwa huu ni sugu."

"Lakini makosa ya zamani yalishasahihishwa. Na hayakubadilisha matokeo."

"Wewe piga chapa."

Mhazili akapiga chapa. "Ila ni ajabu," alisema chini chini. "Kila mara ni kwenye jedwali."

Kalamu Nyekundu hakumsikiliza. Alimchukia mwanamke yule waziwazi, wala hakuona haya. Walipokuwa mume na mke alikuwa akimsahihisha mbele ya wageni: tarehe aliyoikosea, pazia alilolitundika upande, kisa alichokianzia katikati. Mke alikuwa akicheka kidogo, anachukua sinia lake anaenda jikoni. Siku aliyoondoka na sanduku, alisimama mlangoni akamwambia, "Wewe ukiona kosa huwezi kulipita, hata nyumba ikiwa inaungua." Mume aliyapokea maneno hayo kama sifa.

Kilichomuuma ni kwamba mwanamke aliondoka akastawi. Kilichomfariji ni kwamba hakuwahi kujibu barua hata moja jaridani. Angejibu nini? Kanyamaza kwa sababu kaumbuka.

Alasiri akaingia chumba cha kamati kifua mbele. Kanuni ya uteuzi ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeipigania mpaka ikapita. Mambo ya kujuana yaishe, alidai, ihesabiwe kazi: umeandika makala ngapi, na wenzako wamezitaja mara ngapi katika maandishi yao. "Namba hazina shemeji," alikuwa akiwaambia, na watu wakicheka.

Mtalaka wake alikuwa ameshaketi, mikono juu ya mkoba. Hawakusalimiana.

Mwenyekiti, daktari mzee wa upasuaji asiyependa maneno mengi, akafungua kompyuta. "Kwa kuandika mko sawa. Kwa kutajwa, mama huyu amekushinda. Yeye ndiye mkurugenzi wetu."

Kalamu Nyekundu damu ikampanda. "Wanaomtaja ni akina nani? Mashoga zake? Wanafunzi wake? Nataka majina, mzee, hapa hapa."

"Sidhani kama unayataka."

"Nayataka. Kanuni niliiandika mimi."

Mwenyekiti akamgeuzia kompyuta. Jina moja lilishuka kutoka juu ya kioo mpaka chini, barua baada ya barua, na kila barua imebeba makala zote za mwanamke yule. Lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Hizo nilikuwa namkosoa," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Mashine haiulizi umesema nini. Inahesabu umemtaja nani." Mwenyekiti akafunga kompyuta. "Ukiziondoa zako, ungekuwa umempita. Lakini kanuni yako haisemi tuziondoe."

Wajumbe wakatazama meza. Mmoja akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa na kicheko ndani yake.

Alimfuata mtalaka wake mpaka nje, kwenye ujia uliokuwa ukinuka dawa ya kusafishia sakafu. Alitaka kumtia doa hata katika furaha yake, asiondoke nayo nzima.

"Hukushinda wewe, imeshinda bahati," alimwambia. "Ungekuwa mwangalifu kidogo tu katika kazi yako, leo usingepata kitu."

Mwanamke akacheka kidogo, kicheko kile kile cha wakati wa sinia. Akafungua mkoba na kumpa karatasi za makala mpya zilizobanwa pamoja.

"Inatoka mwezi ujao, baba watoto. Jedwali la tatu, mstari wa nne. Safari hii nimekuwekea kosa kubwa kidogo, najua macho yamechoka."

"Wa nne kutoka juu au kutoka chini?" akauliza, kabla hajajizuia.