Ukurasa Mmoja wa Tusekile

Siku Tusekile alipofariki, shule ilimtuma binti wa kidato cha nne, Atupele, kuandika insha ya maisha ya bibi huyo. Ndiyo sheria. Mfiwa akishaitia insha sahihi, picha na sauti zote za marehemu hufutwa, unabaki ukurasa mmoja.

"Babu, mwalimu kakata yote," Atupele alimwambia mume wa marehemu, mzee Ambakisye. "Anasema 'alikuwa mpole na mcheshi' tunawaandikia wote. Bibi alifanya nini hasa?"

"Alitukana sufuria. Chai ikichelewa, 'Chemka, mvivu wee!'"

Atupele akacheka, akaandika.

Kila Jumatatu alileta rasimu bora zaidi, na kila Jumatatu mzee alitafuta kosa. Katika rasimu ya kumi na moja hakuliona.

"Bado," akasema.

"Babu, bila sahihi yako sifanyi mtihani. Ni kesho."

Ambakisye alisikiliza kicheko cha mkewe kwenye simu mara tatu, kisha akatia sahihi.

Siku hizi anajaribu kukumbuka kama mwanya wa Tusekile ulikuwa kwenye meno ya juu au ya chini. Ukurasa hausemi.