Mpaka Useme Inatosha

Jibini lilikuwa limeshafunika tambi zote, na bado Loretta Carlucci hajasema neno.

Mhudumu aliendelea kuzungusha kikunio juu ya sahani. Sheria ya mgahawa ilikuwa ileile katika matawi yote, toka hapa mjini Akron hadi Florida: jibini litakunwa mpaka mteja mwenyewe aseme inatosha.

"Sema basi," alinong'ona Filomena, jirani yake. "Watu wanatutazama."

Loretta akabana midomo. Alikuja kuonja huo mchuzi wa nyanya uliomharibia nyumba. Tangu mumewe Sal astaafu kazi ya kiwanda cha matairi, hakosi mgahawani hapa siku nne kwa wiki, na hurudi akinukia kitunguu saumu. Jumapili moja, mbele ya watoto na wajukuu, alionja mchuzi wa Loretta, ule aliorithi kwa bibi yake, unaochemka tangu alfajiri. Akafuta mdomo, akasema, "Wa kule mtamu zaidi."

Wa kule. Mchuzi unaoletwa na lori.

Palepale Loretta akaapa kwamba hatamsemesha Sal hata neno moja mpaka aombe radhi. Leo ilikuwa siku ya tisa.

"Na asipoomba?" Filomena alimuuliza walipokuwa garini.

"Atanizika bubu."

Hata chakula hakuagiza mwenyewe. "Mwambie tambi na mchuzi mwekundu," alimwambia Filomena.

"Si umwambie wewe? Huyo hapo kasimama."

"Mwambie."

Mhudumu aliandika bila kununa. Akaleta mikate ya moto, akaleta na maji yasiyo na barafu, yenye vipande viwili vya limau, hivyohivyo Loretta anavyoyapenda, ingawa hakuna aliyeyaagiza.

Sasa kilima cha jibini kilikuwa usawa wa glasi. Watu wa meza ya pili waliacha kula, wakawa wanahesabu mizunguko. Mhudumu akahamishia kikunio mkono wa kushoto. Bega la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua.

"Mwonee huruma, mwenzangu," Filomena alisema. "Neno moja tu, uondoke na heshima yako."

Loretta akatazama dirishani, kwenye maegesho ya magari, kana kwamba kuna jambo huko.

Kikunio kikazunguka kikavu. Jibini lilikuwa limekwisha.

Mhudumu akakiweka mezani, akafungua aproni, akavuta kiti na kuketi mbele yake.

"Miaka arobaini na sita tunalala kitanda kimoja, Loretta, na 'inatosha' tu imekushinda? Haya, sikiliza. Mchuzi wao ni mtamu kuliko wako, na radhi siombi."