Mchanga wa Mlangoni kwa Wahida

Ausi alikuwa ameinama, akirudi nyuma hatua kwa hatua, akiusawazisha mchanga kwa reki ndogo ya kukunja. Alipofika barabarani aliinua kichwa akautazama uwanja wa nyumba ya Wahida. Ulikuwa laini, hauna hata alama ya ukucha wa kuku. Akaikunja reki, akaitia ndani ya koti, akashika njia ya kazini kabla adhana haijasikika.

Kazi yake ilikuwa kubeba mikoba ya wachezaji gofu katika kiwanja cha hoteli moja ya ufukweni, si mbali na kwao Mapinga. Huko kuna mashimo ya mchanga, na adabu ya mchezo ni kwamba ukiingia shimoni kuufuata mpira wako, ukitoka ufute nyayo zako. Mgeni mmoja alikuwa na reki yake mwenyewe, ambayo ikikunjwa haizidi mwavuli wa mkobani. Siku ya kuondoka alimwachia Ausi iwe bakshishi. Wenzake walimcheka, wakamwambia reki hailiwi. Ausi hakuwajali, maana alikwisha kuiona kazi yake.

Wahida alikuwa mjane wa kaka yake, marehemu Kombo, na bado alikuwa edani. Mwanamke wa eda haposwi, wala mwanamume asiye maharimu wake haingii kwake, na shemeji si maharimu. Ausi aliyajua yote hayo na alikuwa tayari kusubiri. Alimtaka Wahida kwa moyo wake wote, na kama alianza kumtaka kabla Kombo hajafa, hilo ni baina yake na Mola wake.

Aliyemnyima usingizi ni Husseni, muuza samaki. Baiskeli ya Husseni haikuwa na breki popote isipokuwa mlangoni kwa Wahida. "Kikulacho ki nguoni mwako," Ausi alijisemea, na ndipo ilipozaliwa hila ya reki. Baada ya sala ya isha, Wahida akishafunga mlango, alikuja kimyakimya akausawazisha mchanga kutoka kizingitini mpaka barabarani. Alfajiri alirudi kuusoma, akasogea hadi mlangoni apate hakika, kisha akaondoka akifuta nyayo zake mwenyewe, shemeji asije akajua kuwa analindwa.

Wiki zilipita. Paka alipita, kenge alipita, lakini mwanamume hakupita. Kila alfajiri Ausi alizidi kumpenda.

Mchana alipeleka unga na sukari, akaviweka barazani na kuzungumza kwa mbali.

"Hujambo, shemeji? Usiku unalala? Hakuna anayekusumbua?"

"Sijambo, shemeji. Ila kuna kitu kinakwaruza mchanga kila usiku," Wahida alijibu nyuma ya pazia. "Nikikisikia nasoma Ayatul Kursi mpaka kiondoke."

"Endelea kusoma," Ausi alimwambia, na njia nzima alikuwa akicheka peke yake.

Hata majirani aliona wamezidi kumheshimu. Mzee Ishaka, muadhini, alipokutana naye alfajiri alikohoa na kugeuza uso, na Ausi akajua hiyo ndiyo haya ya mcha Mungu. Bi Mwanajuma, ambaye moto wa maandazi yake huwaka kabla ya jogoo kuwika, alimsimamisha siku moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kazi hii ya kila siku hujaichoka?"

"Ya mtu umpendaye haichoshi, bibi."

"Haya," alisema Bi Mwanajuma, akageuza andazi.

Eda ilipokaribia kwisha, mjomba wake Wahida, Mzee Rehani, alikuja kutoka Mkange, akatuma Ausi aitwe baada ya sala ya Ijumaa. Ausi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akajifukiza udi. Barazani aliwakuta Mzee Ishaka na Bi Mwanajuma wamekaa pamoja na mjomba. Moyo ulimruka kwa furaha. Kumbe mashahidi walikwisha kutafutwa!

Lakini mjomba hakutabasamu.

"Ausi, wewe ndiye mwanamume uliyebaki katika nyumba ya marehemu, kwa hiyo nataka kauli yako kwanza. Kuna mtu anaonekana mlangoni kwa Wahida. Huja baada ya isha, na alfajiri huonekana akitoka. Wahida ameapa hajamfungulia mtu, nami namwamini mwanangu. Lakini Mapinga nzima inamsema vibaya, na kosa si lake."

Ausi alihisi damu inamchemka. Husseni! Samaki wote wale, kumbe ni chambo!

"Mtu kama huyo tumfanye nini?" mjomba aliuliza.

"Asimuoe Wahida maisha!" Ausi alisimama. "Hata alete mahari ya dhahabu tupu. Na uwanja ule asiukanyage tena. Nasema mimi, ndugu wa marehemu, na sigeuki."

"Mmemsikia?" mjomba aliwauliza wale wawili.

"Tumemsikia," waliitikia.

Ausi alikaa, akafuta jasho. Hapo ndipo alipoukumbuka mchanga, kila alfajiri laini kama alivyouacha.

"Lakini mjomba, huyo mtu ana mabawa? Pale pote ni mchanga mtupu. Nyayo zake ziko wapi?"

"Anazifuta, mjukuu wangu," alisema Bi Mwanajuma. "Hutoka mlangoni kinyumenyume, ameinama, na kireki chake cha kukunja."