Namba Sita

Kwa mara ya tatu, namba sita ilikataa kuwa mzima.

Makini aliitazama kompyuta, akavua glavu, akavaa nyingine, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye glavu. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara kwa sababu kwa miaka minne hakuwahi kumwaga hata tone. Leo alitamani angekuwa mzembe kidogo, kama watu wengine.

Kazi yao ilikuwa kutenga vifuko. Kila seli ya mwili hutema vifuko vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivioni, na kila kifuko hubeba habari za seli iliyokitema. Seli ya saratani nayo hutema vyake, vyenye alama yake. Ukifanikiwa kuvitoa kwenye damu vikiwa safi, unaweza kuiona saratani kabla mwenyewe hajahisi lolote.

Walikuwa na damu ya wagonjwa ishirini wa saratani ya kongosho, na ya wazima sita ya kulinganishia. Wazima ndio wao wenyewe, wafanyakazi wote sita, kama ilivyokuwa desturi pale. Walipanga foleni asubuhi moja, Makini akiwa wa kwanza maana anaogopa sindano na alitaka yaishe, mkuu wa maabara akiwa wa mwisho. Mkuu ndiye aliyebandika namba kwenye mirija baadaye, akiwa peke yake, na orodha ya majina akaifungia kwenye droo yake.

Nyuma ya mgongo wake walimwita Mzee Rudia. Ukimpelekea jibu zuri, rudia. Ukimpelekea baya, rudia mara mbili.

Mara ya kwanza Makini alitumia mashine ya kuzungusha, ile inayonguruma saa nzima mpaka vifuko vizame chini ya mrija. Namba sita ikatoa alama ya saratani ya kongosho.

"Mashine hiyo huburuta na takataka za damu," mzee alisema. "Rudia kwa safu ya jeli."

Akarudia. Damu ikapita kwenye jeli tone kwa tone, vifuko vikatangulia kutoka, takataka zikabaki nyuma. Alama ileile.

"Nani huyu, Daktari?"

"Hutakiwi kujua. Hata mimi sikutakiwa kuifungua ile droo." Mzee aligeukia dirishani. "Jaribu shanga za sumaku. Zile hunasa vifuko peke yake."

Hapo Makini akaelewa. Foleni ya watu sita, na wa mwisho ni nani?

Tangu siku ile kila alichokiona kilimpa uhakika. Mzee ambaye mrija ukikaa upande tu angefoka mpaka mtunza stoo asikie, sasa alikuwa mpole kama mgeni. Alimbebea Makini maboksi. Alimruhusu aondoke saa tisa. "Unakula vizuri, binti yangu?" alimuuliza mara mbili kwa siku moja, bila kumtazama usoni. Ni mtu anayeaga, Makini alijiambia, na roho ilimuuma kwelikweli. Huyu ndiye aliyemwajiri wakati wengine hawakujibu hata barua zake, akasimama pembeni yake wiki mbili nzima akimfundisha kushika pipeti.

Nyumbani alikula nusu sahani na kuisukuma. Mama yake alinuna.

"Mwezi wa pili huu unachezea chakula. Kazi gani hiyo inayokula watu?"

"Mawazo tu, mama."

Na mawazo yalikuwepo. Kwa kazi yake alijua saratani ya kongosho huwafanya nini watu, na alijua ni wangapi kati ya wale ishirini walioishi kuona mwaka wa pili. Mzee alibakiza miezi mitano astaafu. Alikuwa amenunua hata viti vya kukaa barazani, na kila mtu maabara alishachoka kusikia habari za viti hivyo. Je, lazima avikalie akihesabu siku?

Kwa hiyo siku shanga za sumaku zilipotoa jibu lilelile, Makini hakuandika kitu. Aliimwaga damu ya namba sita iliyobaki kwenye sinki la dawa, akasuuza, akaenda ofisini kwa mzee. Sheria aliijua. Anayechanganya mirija huvua koti siku hiyohiyo, na wawili walikwishavua mbele ya macho yake.

"Daktari, nimekosea."

Mzee aliinua kichwa taratibu. "Umekosea nini?"

"Siku ya kugawa damu nilichanganya mirija. Namba sita niliijaza damu ya mgonjwa. Ndiyo maana njia zote tatu zinasema kitu kimoja." Alishangaa uongo ulivyotoka laini. "Nimeikagua kwenye kitabu changu cha kumbukumbu. Ile iliyobaki nimeimwaga, ilikuwa haina maana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akaanza kufungua vifungo vya koti. Alijua hatapata kazi kama ile tena, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko wiki zote zile. Mzee alizunguka meza mbiombio, nusura aangushe kiti, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa analia bila kuficha, analia na kucheka kwa pamoja.

"Acha koti, acha hilo koti! Kumbe mzima wewe, binti yangu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama yako."