Matone Manne ya Mdalasini

Kichupani yalibaki matone manne tu ya maji ya mdalasini, yale ambayo marehemu alikuwa akiyachanganya mwenyewe. Kama koili ya sigara yake ya umeme, ule waya unaoyageuza maji hayo kuwa mvuke, ingesukwa vibaya, pamba ingeungua, na harufu ya marehemu ingegeuka kuwa ya tambara lililoshika moto.

Mkewe alizungusha waya kwenye shina la bisibisi, mzunguko kando ya mzunguko, kama alivyozoea kumwona akifanya. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Kitendawili," alisema wifi yake, aliyeketi kitandani akimtazama huku akicheka.

"Tega."

"Moshi wa jikoni humliza, leo anasuka waya ili avute mvuke."

"Mjane," alijibu bila kuinua macho.

Wifi hakucheka tena.

Mjane aliikaza koili kwa skrubu, akabonyeza kitufe. Waya uliwaka mwekundu kuanzia katikati, sawasawa. Alipoupoza akapenyeza pamba, si nyingi, isije ikasongwa, kisha akadondosha matone yote manne.

Sigara hiyo ya umeme ilikuwa imelala kabatini tangu msiba. Alipoitia mdomoni, ncha yake ilikuwa na uvuguvugu, kana kwamba mtu ametoka kuivuta sasa hivi.

Akavuta. Mdalasini ukamjaa kifuani, na mumewe pamoja nao.

"Haya, utoe," wifi alisema.

Akatikisa kichwa.

"Wifi yangu, toa pumzi basi. Macho yamekutoka."

Akaibana midomo yake kwa vidole viwili, akaishikilia.