Joto la Mtu wa Tatu

Nyumba za Makete zilipashwa joto na miili ya wakazi wake tu. Kuwasha moto ndani kulipigwa marufuku. Fundi Luvanda hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye mafunzo aliijenga nyumba yake kwanza ndani ya kompyuta, akahesabu watu watatu: yeye, mkewe Sekela, na mama yake. Alipofaulu akaijenga vilevile, kuta nene zisizopitisha hata upepo.

Sasa wametoka kumzika mama, na taa ya ukutani, inayohesabu miili yenye joto ndani ya nyumba, imekuwa nyekundu. Nyumba iliyopungukiwa mtu, halmashauri huiletea mgeni, akaishi humo hadi kufa kwake.

“Maofisa wa halmashauri wako kwa jirani,” Sekela alisema, akichungulia dirishani. “Fanya kitu, mume wangu!”

Luvanda akajaza dumu maji ya moto ya sola, akalilaza kitandani kwa marehemu na kulifunika blanketi. Taa ikageuka kijani. Maofisa wakachungulia, wakapita.

“Litoe upesi,” Sekela akasema. “Roho yangu haitulii.”

Akalitoa, akamwaga maji uani. Aliporudi, alimkuta mkewe amesimama mlangoni mwa chumba cha mama, mkono kinywani.

Taa ilikuwa bado kijani.